Ufunguo Uko Mjini

"Nivute zaidi au imetosha?" Tsugio aliuliza, goti moja chini, mkanda mkononi.

"Ukivuta zaidi utanikata vipande viwili," Hatsue akamjibu mumewe. "Mimi si ndoo."

Binti yao, Yukari, akageukia garini na kujifanya anatafuta kitu. Hakutaka mama yake amwone akilia, na mama yake alikuwa ameshamwona. Honoka, mtoto wa Yukari, mwenye miaka saba, hakuwa na habari na yote hayo. Alikuwa amekabidhiwa kengele ya kufukuzia dubu, naye aliitikisa kwa bidii kana kwamba dubu wamealikwa kwenye harusi.

Hatsue alikuwa amekalishwa kwenye fremu ya mbao ya kubebea mizigo mgongoni. Kila theluji ilipoyeyuka Tsugio aliitumia fremu hiyo kupandishia ndoo za vifaranga vya samaki wa samoni kwenye vijito ambavyo gari haliwezi kuvifikia. Jana yake alikuwa ameipigilia kibao cha kukalia na kukifunika kwa blanketi lililokunjwa mara nne. Sasa aligeuka, akapenyeza mikono kwenye kanda za mabegani, akakaza mapaja kama alivyozoea, akanyanyuka. Nusura aanguke mbele. Alikuwa amejiandaa kwa uzito wa ndoo mbili, na mkewe hakufika hata moja na nusu.

"Taratibu, Baba Yukari," Hatsue akasema nyuma ya sikio lake. "Unakimbilia wapi?"

Tsugio akapunguza hatua.

Mwezi wa nane daktari alikuwa amewaambia, kwa ile sauti laini ya watu waliozoea kusema maneno kama hayo, kwamba wasipange mambo ya mwaka mpya. Hatsue alimshukuru, akainama kwa heshima, na walipofika kwenye maegesho akasema afadhali, mwaka huu hataponda mchele wa sikukuu kwa ajili ya mashemeji wasiojua kuosha vyombo. Tsugio alicheka kwa sababu alitakiwa kucheka. Wiki iliyofuata mkewe akatoa ombi moja tu: apelekwe kwenye maporomoko ya Otoibe, juu kule alikozaliwa, majani yakishakuwa mekundu. Ayaone maji, basi. Yukari akaomba ruhusa kazini Sapporo, akaja na mtoto, ikawa matembezi ya familia.

Hatsue alisema maji. Hakusema samaki. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa yao hakuwahi kumtajia Tsugio samaki wa Otoibe, na mtu akikaa muda wote huo bila kutaja kitu, ujue kitu hicho kiko hapo, mezani, kila mnapokula.

Tsugio alikuwa mlinzi wa uzio. Karibu na mahali mto Otoibe unapoingia baharini, nondo za chuma zilipita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kuanzia Septemba mpaka Desemba hakuna samoni aliyezivuka. Samaki waliozaliwa mtoni walirudi kutoka baharini baada ya miaka minne ili watage, wakagonga nondo kwa vichwa vyao, wakatafuta upenyo, na upenyo pekee waliouona uliwaingiza kizimbani. Humo walichotwa, wakapigwa rungu kichwani, majike wakapasuliwa matumbo, mayai yakamiminwa kwenye beseni, madume wakakamuliwa mbegu juu yake. Mayai yalianguliwa kwenye trei za kituo, na mwaka uliofuata vifaranga vikaachiwa mtoni. Ilikuwa kazi halali na nzuri, imesomesha watoto wengi wa pwani ile, Yukari akiwemo. Tsugio hakuionea aibu, ila kwa jambo moja.

Jambo lenyewe lilihusu ukoo wa mkewe. Kina Hatsue ni Waainu, watu waliokuwa kwenye mto huo kabla ya babu yake Tsugio kushushwa na meli na jembe lake. Nyumba yao ilikuwa chini ya maporomoko. Hatsue alikuwa na miaka minane uzio ulipojengwa, na vuli iliyofuata hakuna samaki aliyefika juu, wala vuli iliyofuata hiyo. Majirani wakahama mmoja mmoja. Mwisho mama yake Hatsue, Bi Shino, naye akahama, akashuka pwani na binti yake na sufuria zake.

Vuli ya kwanza ya ndoa yao, Bi Shino alimuuliza mkwe wake kwa adabu, huku akimmiminia chai, kama lango la uzio linaweza kufunguliwa siku moja tu. Wapite wachache. Tsugio alikuwa na miaka ishirini na minane na miezi miwili kazini. Aliogopa. Angeweza kusema haruhusiwi, na hilo lingekuwa kweli, lakini aliona kusema hivyo ni kumkatalia mama mkwe usoni. Akatafuta neno jepesi.

"Ufunguo uko mjini, mama," akasema. "Ofisini. Sisi wa chini hatupewi."

Bi Shino akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akamwongezea chai. Hakuuliza tena.

Hakukuwa na ufunguo wowote. Kulikuwa na kulabu ya chuma, ndefu kama kijiko cha kupakulia, na gurudumu la kuzungushia waya wa kuinulia lango. Ule ulikuwa uongo mdogo wa kumaliza mazungumzo, wa aina ambayo watu husema kila siku na kuusahau kabla ya chakula cha jioni. Lakini huu haukupata nafasi ya kusahaulika. Bi Shino aliupokea kwa heshima, Hatsue akaurithi kwa mama yake, na Yukari alipokuwa mdogo akauliza mbona samaki hawafiki kule juu alikokaa bibi, akajibiwa na mama yake kwamba ufunguo uko mjini, mwanangu. Tsugio alikuwa palepale akisafisha mabuti. Angesema siku ile. Hakusema, na kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Kisha kulikuwa na ile vuli ya mwisho ya Bi Shino, miaka kumi na moja iliyopita. Kikongwe aliomba apelekwe maporomokoni. Akakaa juu ya jiwe tangu asubuhi mpaka jua linazama, mikono mapajani, akitazama kidimbwi kitupu. Tsugio alikuwa ametoka kazini wiki ile ile akiwa na magamba mpaka kwenye nyusi, kwa maana samaki walikuja wengi ajabu. Akachuchumaa kando yake na kumwambia kwamba mwaka huu mto una joto, mama, ndiyo maana hawafiki. Bi Shino akamtazama vizuri, akasema, "Ndiyo, mkwe wangu." Akafa theluji ilipoanza.

Ndiyo maana Jumanne, siku tatu kabla ya matembezi haya, Tsugio alifanya alichofanya. Msimamizi wao, Bwana Kudo, alikuwa mkutanoni. Wenzake wawili walikuwa ndani wanakula na redio imewashwa. Tsugio akachomoa kulabu, akazungusha gurudumu mizunguko kumi na miwili, na lango likapanda kutoka majini likichuruzika. Kwa muda hakuna kilichotokea, samaki waliendelea kugonga nondo za pembeni kama walivyozoea. Halafu mmoja akaona. Halafu wakapita, migongo myeusi, mmoja nyuma ya mwingine, bila fujo, kama watu wanaoingia msikitini au hekaluni. Aliwaacha mpaka mapumziko ya chakula yalipokaribia kwisha, akashusha lango, akarudisha kulabu, akakaa juu ya kreti. Tangu afikishe miaka sitini aliajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kwa kosa hilo Kudo angemrudisha nyumbani siku hiyo hiyo, kisha mji mzima ungejua kabla hajavua mabuti. Lakini si hofu hiyo iliyomkalisha. Kilichomkalisha ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa ndogo mno.

Kudo aliporudi akatazama kizimba, akauliza mbona leo samaki ni wachache. Tsugio akasema labda nao wana siku zao. Kudo akamkazia macho, kisha akaenda zake kunywa chai.

Sasa njia ilipanda katikati ya mibetula, miti ya gome jeupe, na nyasi ndefu zilizofika kiunoni. Majani mekundu yalikuwa yametapakaa chini, na zabibu mwitu zilining'inia nyeusi kwenye matawi. Hatsue aliomba achumiwe moja, akaitafuna, akaitema, akasema ni chungu vilevile kama zamani, na sauti yake ilikuwa ya furaha. Kila mara alimtuliza mumewe: punguza, kuna mzizi, geuka kidogo nione. Tsugio aligeuka kama alivyoamriwa. Nusu ya akili yake ilikuwa mbele, kwenye kidimbwi. Safari ile ya kilomita kumi na mbili samaki mwenye nguvu huimaliza kwa siku mbili au tatu, lakini hawa walikuwa wametoka mbali, wengine wamechubuka. Je, kama wameishia njiani?

"Babu, tutaona samaki?" Honoka akauliza.

"Samaki hawafiki huku, mwanangu," Yukari akamjibu kwa niaba yake. "Lango la huko chini limefungwa."

"Lifunguliwe basi."

"Ufunguo uko mjini," Yukari akasema, hivyohivyo, jinsi mtu anavyosema kesho ni Jumamosi. Tsugio akaitazama njia na kuendelea kupanda.

Maporomoko yalisikika kabla ya kuonekana, kisha yakaonekana, si marefu sana, meupe, yakimwagika juu ya mwamba mweusi. Wakamshusha Hatsue na fremu yake kwenye jiwe lilelile alilokalia mama yake. Tsugio akaenda moja kwa moja mpaka ukingoni. Akatazama kidimbwi kuanzia kwenye povu hadi kina kirefu, akatembea huku, akatembea kule, akainama mpaka kofia ikamwanguka. Maji yalikuwa safi na hayakuwa na kitu. Amehatarisha kila kitu, na mkewe amekuja kuona kidimbwi kitupu kama mama yake.

Wakala. Yukari alikuwa ametengeneza matonge ya wali yenye samaki wa chumvi ndani, na Honoka akala matatu. Hatsue alimega punje chache, akazishikilia mdomoni muda mrefu. Alikuwa akimtazama mumewe, aliyeshindwa kukaa, ambaye kila baada ya dakika alirudi ukingoni.

"Unatafuta nini hapo?" akamuuliza.

"Hamna. Natazama tu."

"Unatazama penye kelele. Hapo hakuna anayetaga." Akanyoosha kidole, chembamba, kuelekea kulia, kwenye kijito cha pembeni kilichojificha chini ya miti. "Pale maji yanatoka chini ya ardhi, hayagandi hata theluji ikijaa. Nenda pale."

Tsugio alisimama kama aliyepigwa kofi. Miaka thelathini na minane ameshika samoni kwa mikono yake, majike kwa madume, na hakuwahi kumwona hata mmoja akitaga. Mayai aliyajua ya kwenye beseni. Akaenda, akasogeza matawi, na kwenye maji yasiyofika magotini aliona mkia.

Hakuita. Alirudi, akambeba mkewe mikononi bila fremu, akampeleka, na Yukari na mtoto wakafuata kwa kunyata. Walikuwepo saba au wanane. Jike mmoja alikuwa amelalia ubavu akipiga kokoto kwa mkia, akipumzika, akipiga tena, mpaka shimo likawa refu kama beseni. Ngozi ya mkia ilikuwa imekwisha, umebaki mweupe. Dume mwenye mistari myekundu na pua iliyopinda akakaa kando yake, akafukuza mwingine, akarudi. Kisha wote wawili wakafunua midomo kwa pamoja, wakatetemeka, na maji kati yao yakawa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele.

"Wanafanya nini?" Honoka akanong'ona. Kengele ameishika ndani ya ngumi isilie.

"Wanazaa," Yukari akasema, na safari hii hakugeuka kuficha machozi.

Uso wa Hatsue ulikuwa umefunguka. Tsugio hakuwa ameuona hivyo tangu kabla ya hospitali, pengine tangu zamani zaidi. Alikuwa msichana wa miaka minane. Midomo yake ilisema maneno fulani ya kikwao, mafupi, ambayo mama yake alikuwa akiyasema mbele ya samaki, na Tsugio akafikiri: basi, imetosha, nife na mimi sasa. Alifurahi hivyo kwa muda wa pumzi chache.

Kisha akahisi mwili wa mkewe mikononi mwake unabadilika, unakuwa mgumu.

"Mvua haijanyesha," Hatsue akasema. "Tangu mwezi wa nane. Mto haukufurika hata wapite juu ya uzio."

Tsugio akamweka vizuri mikononi.

"Ufunguo si uko mjini?"

Angeweza kusema alikwenda kuuomba. Neno lilikuja lenyewe, jepesi, limeshaiva, kama lile la zamani. Alilisikia likifika kwenye ulimi, na akaogopa jinsi lilivyofika haraka.

"Hakuna ufunguo," akasema. "Kuna kulabu."

Yukari aliinua macho. Hatsue hakuyaondoa yake kwenye maji.

"Lango ni zito?"

"Hapana."

"Mtu mmoja anaweza?"

"Anaweza."

"Inachukua muda gani?"

"Dakika mbili," Tsugio akasema. "Hazifiki."

Jike alikuwa ameanza kufukia mayai yake, akirusha kokoto polepole. Hatsue alimtazama mpaka akatua. Alipozungumza sauti yake haikuwa na hasira, na Tsugio angetoa chochote iwe nayo.

"Mama alikaa pale kwenye jiwe siku nzima," akasema. "Nilimwambia, mama, twende, baridi. Akasema tungoje kidogo, labda leo watu wa mjini wameleta ufunguo. Miaka yote hiyo hakukuomba tena. Na mimi sikukuomba, nilijua si juu yako. Nilikuonea huruma, Baba Yukari. Nilikuwa nawaza, maskini, anawaona kila siku, na hana la kufanya."

Hatsue alilia bila kujifunika uso. Tsugio alibaki amembeba, hajui amshushe wapi, machozi yake mwenyewe yanamwingia masharubuni, na hakuthubutu kusema samahani, kwa sababu aliyestahili kuisikia alikuwa amezikwa miaka kumi na moja iliyopita. Yukari akaja, akamchukua mama yake kwa upande mmoja, wakakaa naye chini juu ya majani.

Waliteremka jua likielekea kuzama. Njia nzima Hatsue hakumwambia apunguze wala ageuke. Uzito wake ulikuwa uleule mdogo, lakini alikuwa ameweka kichwa upande wa pili, mbali na sikio lake. Karibu na gari akauliza jambo moja tu.

"Ulilifunga tena?"

"Siku ileile."

"Haya," akasema.

Jioni ile alimwomba Yukari amgeuzie kitanda. Kilikuwa kimeelekea mlimani tangu arudi kutoka hospitali, kwa sababu yeye mwenyewe aliupenda mlima. Sasa alitaka dirisha la upande wa mto, linalotazama uzio. Yukari alisukuma kitanda peke yake, akakataa baba yake amsaidie.

Asubuhi Tsugio alifika kazini wa kwanza. Umande ulikuwa umeganda juu ya nondo, na mvuke ulipanda kutoka majini. Usiku bahari ilikuwa imeleta samaki wengi. Waligonga uzio kwa vichwa, du, du, bila pupa, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi na kungoja. Kudo hufika saa mbili, na saa mbili ilikuwa bado.

Akageuka kutazama nyumba yake, ng'ambo, juu ya ukuta wa mto. Pamoja na baridi ile dirisha lilikuwa wazi, pazia limesogezwa kabisa. Kutoka pale hakuweza kujua kama mkewe amelala au anatazama. Akavua glovu, akaweka mkono juu ya kulabu. Chuma kilikuwa baridi mpaka kikanata kwenye ngozi, na samaki waliendelea kubisha.